Kabla hujapakia mahindi kwenda Namanga, jua kanuni zimetoka wapi

Kazi yangu ni uwakala wa forodha mpakani mwa Tanzania na Kenya, na wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa mazao: mahindi, maharage, vitunguu. Wanaijua bei ya gunia ya Kibaigwa na ya Nairobi kwa asubuhi hiyohiyo. Lakini ukiwatajia Shirika la Biashara Duniani, WTO, watakuambia hayo ni mambo ya mawaziri na mabalozi. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Karibu kila karatasi unayodaiwa mpakani mizizi yake iko Geneva, yaliko makao ya WTO, au Roma, au Brussels, na anayejua hilo huzungumza na ofisa kwa hoja. Asiyejua hubaki kubembeleza.

Tuanze na namba ya HS, ile inayotambulisha aina ya bidhaa kwenye tamko la forodha. Tarakimu sita za mwanzo zinapangwa na Shirika la Forodha Duniani lenye makao yake Brussels, na ni zilezile Tanzania, Kenya, Oman na China. Mahindi ya mbegu ni 1005.10, mahindi mengine ni 1005.90. Maharage makavu ya kawaida ni 0713.33. Usimwachie wakala peke yake jambo hili, hata kama wakala huyo ni mimi. Muulize ameandika namba gani na kwa nini, kwa sababu namba ndiyo inayoamua ushuru na vibali utakavyodaiwa.

Cheti cha uasili wa bidhaa nacho usikidharau. Mahindi yaliyolimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yanavuka bila ushuru wa forodha, ilhali ya kutoka nje ya Jumuiya yamewekewa asilimia 50. Kwa hiyo cheti hicho ndicho kinachobeba faida yako yote. Mwenye mzigo mdogo, usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, anaweza kupata cheti kilichorahisishwa palepale mpakani. Kina mama wengi wanaovusha mazao kidogo kidogo hawaambiwi hili, wanaishia kupita njia za panya na kupoteza mzigo.

Sasa tuje kwenye sumukuvu, ile sumu inayotokana na kuvu ya nafaka (aflatoxin), maana hapa ndipo fedha za watu zinapoteketea. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha uasili, na uwe na cheti cha ubora kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango hicho hakikubuniwa siku ile. Kimo katika kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki, pamoja na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Nyuma ya viwango vya aina hiyo kuna kazi ya tume ya Codex Alimentarius, inayotunga viwango vya chakula vya kimataifa kule Roma, iliyoanzishwa mwaka 1963 na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la chakula na la afya.

Ushauri wangu ni kwamba pima mahindi ukiwa bado kijijini, kabla hujalipa. Kuvu haienei sawasawa ndani ya mzigo, hivyo gunia moja laweza kuwa safi na la pili yake likawa na sumu ya kuliangusha lori zima. Chota sampuli katika magunia mengi, juu, katikati na chini, uzichanganye ndipo upime. Mkulima anayeanika juu ya turubai na kuhifadhi juu ya chaga mlipe zaidi kidogo. Mahindi yaliyoanikwa kwenye udongo mtupu yaache, hata ukipunguziwa bei. Na hili si la kumridhisha ofisa tu. Sumukuvu husababisha saratani ya ini, na watakaokula ugali huo ni watoto wa watu.

Upande wa pili wa sheria ni haki yako. Mkataba wa WTO kuhusu usalama wa chakula na afya ya mimea, unaojulikana kama SPS na ulioanza kutumika mwaka 1995, unairuhusu nchi kulinda watu wake. Ila unaidai pia: hatua iwe na msingi wa kisayansi, itangazwe, na nchi nyingine zipewe nafasi ya kutoa maoni, isipokuwa kwa dharura. Kila mwanachama anatakiwa awe na ofisi ya kujibu maswali kuhusu kanuni hizo. Kwa viwango vya bidhaa, hapa kwetu Tanzania ofisi hiyo ni Shirika la Viwango, TBS. Kuna pia huduma ya ePing, ya bure kabisa, inayokutumia barua pepe nchi inapotangaza kanuni mpya inayohusu bidhaa yako. Jisajili leo.

Nimeona haki hii ikifanya kazi. Mteja wangu wa maharage aliwahi kudaiwa kibali ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Tuliomba kwa heshima tuonyeshwe tangazo au waraka uliokianzisha. Haukuwapo, na gari likaruhusiwa. Omba maandishi, tena bila kupandisha sauti.

Lakini WTO haiwezi kukupigania wewe binafsi. Ni serikali pekee zinazoshtakiana kule. Zaidi ya hapo, chombo chake cha rufaa kimekwama tangu Desemba 2019, baada ya Marekani kuzuia uteuzi wa wajumbe wapya, kwa hiyo nchi iliyoshindwa inaweza kukata rufaa isiyosikilizwa na mtu. Hili linaniuma, kwa sababu wanyonge ndio wanaohitaji sheria kuliko wenye nguvu. Brazil iliwahi kuishinda Marekani kuhusu ruzuku za pamba, ruzuku zilezile zilizokuwa zikishusha bei ya dunia anayoitegemea hata mkulima wa Simiyu. Kesi kama hiyo leo ingeweza kukwama kwenye rufaa.

Kwa hiyo ukikwama, anzia karibu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha, yaani vizuizi vya biashara visivyo ushuru, na kila nchi ina kamati ya kuvifuatilia. Unaweza pia kuripoti kwenye mtandao wa tradebarriers.org unaohudumia jumuiya za kikanda: EAC, yaani hii yetu ya Afrika Mashariki, COMESA na SADC. Andika tarehe, kituo, namba ya HS, ulichodaiwa na gharama uliyoingia, uambatishe nakala za vyeti vyako. Lalamiko lenye vitu hivyo linaweza kufuatiliwa hadi kwenye dirisha husika. La kusema tu "tunasumbuliwa mpakani" halina pa kuanzia.