Herufi saba mkononi, neno halionekani

SWALI: Katika Scrabble, mchezo wa kupanga herufi ubaoni kuunda maneno, nilishika A, E, I, N, R, S, T nikaishia kuandika TRAIN. Neno la herufi zote saba hupatikanaje?

JIBU: Herufi hizo ni bahati, usizipoteze! Ukizimaliza kwa mkupuo unaongezewa pointi 50.

Kwanza zivuruge: ukiziacha kwenye mstari uleule, jicho litasoma kilekile. Kisha tenga kipande kinachopenda kukaa mwanzoni au mwishoni mwa maneno ya Kiingereza, upange zilizobaki. Weka IER mwisho, zinabaki A, N, S, T: NASTIER au ANTSIER. Weka ER, zinabaki herufi za STAIN: STAINER. S uiweke mwisho kabisa: RETAINS, RETINAS. Umaliziaji wa ING hapa haufai, maana G huna.

Kosa la kawaida ni kutumia herufi moja mara mbili. STRAINER na TRAINERS zina R mbili, nawe unayo moja. Zinawezekana tu pale ubaoni pakiwa na R iliyo wazi, yenye nafasi za kutosha kila upande. Kwa hiyo hesabu herufi kabla ya kuweka.