Usifute faili mbichi, hata fundi akuapie

Yakhe, toa mkono kwenye hicho kitufe cha kufuta kwanza. Nimekusoma: malipo ya Lightroom, programu ya kurekebishia picha, yamekuelemea, unahamia darktable iliyo ya bure, diski imejaa, unataka kujua skrini gani inafaa na vipi utie jina lako kwenye picha. Lakini kilichonishtua ni ile sentensi ya katikati, uliyoipitisha kama jambo dogo: fundi wa hapo Chake, Pemba, amekwambia uzitoe picha zote kuwa JPEG, yaani picha za kawaida zilizobanwa, za ubora 100, halafu ufute zile mbichi (RAW), zenye kila kitu kamera ilichonasa, kwani "ni kitu kimoja".

Si kitu kimoja! Mie niliambiwa maneno hayo hayo na fundi wa hapa Mjini Unguja, tena nikamlipa pesa juu yake.

Nilikuwa nimehamia programu mpya kama unavyotaka kuhama wewe. Nikafungua folda la harusi, picha zote zimerudi vile zilivyotoka kwenye kamera, zimepauka, kazi yangu haimo hata kwenye moja. Fundi akaja, akatazama, akasema hiyo programu haisomi, dawa yake ni kurudi kwenye ile ya zamani, kuzitoa zote JPEG, kisha kufuta mbichi ili diski ipumue. Hakuuliza kama nina nakala pengine. Hakufungua hata picha moja akaikuza. Kazi ikafanyika jioni ile ile, picha zikaenda kwa wenyewe kwenye WhatsApp, wakafurahi.

Baadae mama wa bi harusi akaja kutaka albamu kubwa na picha moja ya kutundika ukutani: bi harusi amekaa, mikono ameilaza mapajani, hina na piko mpaka karibu na viwiko, gauni jeupe lenye tarizi za uzi wa fedha. Kwenye simu ilikuwa haina kasoro. Nilipoikuza kwenye kompyuta, begani palikuwa hapana tarizi, pana bapa la weupe tu. Nikashusha mwanga nikitaraji uzi ujitokeze. Weupe ukageuka kijivu, kama chokaa iliyolowa, na uzi haukutoka. Taa za ukumbini zilikuwa za zambarau, na ile zambarau imeingia kwenye hina. Ukiipunguza, uso unakuwa wa kijani. Ukiunyanyua ukuta wa nyuma kutoka gizani, unakatika michirizi michirizi. Mama yule yuko kwenye kiti pembeni yangu, anatazama yote, mwisho akauliza kwa upole: "Na ile ya mwanzo kabisa huna, mwanangu?"

Sikuwa nayo. Na kadi zilikuwa zimeshapigiwa shughuli nyingine.

Sasa sikiliza kwa nini yule fundi wako anakupoteza. Hiyo namba 100 inaeleza picha imebanwa kiasi gani, basi. Haielezi kilichotupwa kabla ya kubanwa. Ngazi za mwanga huhesabiwa kwa biti: faili mbichi ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi. Hata kamera ya biti 12 ina 4,096. JPEG ni biti 8, ngazi 256, hata uiandikie 100. Zile ngazi nyingine ndizo zenye tarizi za gauni, ndizo zenye mchanga wa Paje wa saa saba mchana, ndizo zenye uso wa mtu aliyesimama barazani jua likiwa nyuma yake. Na rangi ya mwanga (white balance) ni hivyo hivyo. Kwenye faili mbichi, ile uliyochagua kwenye kamera ni maandishi tu pembeni, unaibadilisha utakavyo. Kwenye JPEG imeshapikwa ndani.

Mtu anayefungua duka la kompyuta, anayeishi kwa kazi hii, halafu anamwambia mpiga picha afute faili asizozijua zina nini, huyo anacheza na mali za watu. Afadhali angesema sijui. Watu wanamwamini wanamwachia harusi zao, hazirudiwi zile!

Na lile tatizo alilolisema fundi wangu, la "programu haisomi", wala si tatizo. Programu hizi haziigusi faili mbichi. Zinaandika maagizo: punguza hapa, kata pale. Lightroom inayaweka kwenye katalogi yake, faili ya .lrcat. darktable inaandika faili ndogo kando ya picha, mfano IMG_0412.CR2.xmp. RawTherapee, programu nyingine ya namna hiyo, ina ya kwake, .pp3. Kila mmoja ana lugha yake, ndiyo maana kazi ya huku haionekani kule. Kabla hujahama, zichague picha zote ndani ya Lightroom Classic ubonyeze Ctrl+S, iandike .xmp kando ya kila picha. Nyota na maelezo yatakwenda nawe. Mkato na mwanga darktable itajaribu kuusoma, ila usitegemee ufanane, rangi utazifanya upya.

Tena huna haja ya kukimbizana na tarehe ya malipo. Lightroom Classic ikikatwa malipo bado inafunguka, picha unaziona na kuzitoa unaweza. Kinachofungwa ni sehemu ya kurekebisha na ile ya ramani.

Zile ulizokwisha kuzitengeneza na unazipenda, zitoe TIFF ya biti 16, aina ya faili inayotunza ngazi nyingi, siyo JPEG. Ni nzito: picha ya megapikseli 24 isiyobanwa inafika MB 144, kwa hiyo chagua za albamu tu. GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, inazifungua vizuri tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018. Ukiwa na 2.8 ya zamani itakushushia kwenye biti 8, basi isasishe kwanza. JPEG iwe ya mwisho kabisa, ya kumpelekea mteja, na iwe na mpangilio wa rangi wa sRGB, maana ukimpelekea wa Adobe RGB simu nyingine zitaipausha.

Diski imejaa? Nunua nyingine. Hapa Mjini, madukani Darajani, zipo, na boti za Pemba zinaondoka Malindi, mtu atakuletea. Weka nakala mbili, moja ikae nyumba nyingine. Bei ya diski utaimaliza kwa shughuli moja.

Na kama umeshafuta, niambie hapa hapa, usione haya. Usiandike kitu chochote kwenye hiyo diski, usiweke programu, usipakue muziki. Kadi za kamera ziweke pembeni usipigie. Ipo programu ya bure, PhotoRec, inazifukua faili mbichi zilizofutwa, CR2 za Canon na NEF za Nikon, madhali hapajaandikwa kitu juu yake; iendeshe kutoka kompyuta nyingine na uzihifadhi kwenye diski nyingine. Ikiwa ni diski ya SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka, wahi, na uanze na kadi, kwani SSD huweza kujisafisha yenyewe muda mfupi baada ya kufuta. Ni diski ya aina gani uliyonayo?