Kushiba kabla ya diklofenaki si kinga: tumbo hulindwa na mafuta yake

Mkuu, umeuliza kama ukila ukashiba kwanza, diklofenaki unayomeza kila siku kwa ajili ya maumivu ya mgongo haiwezi kukuletea vidonda vya tumbo. Nauza dawa, na swali hili naletewa dirishani kila mara. Chakula kinapunguza kuungua tu. Ulinzi wenyewe uko kwenye ukuta wa tumbo.

Wengi wanaujua ute, lakini fosfolipidi hawazitaji. Haya ni mafuta yenye kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Yakijipanga juu ya ute, mikia ikielekea kwenye tindikali, ukuta haulowi, kama tone la mvua linavyoteleza juu ya jani la gimbi. Watafiti Brian Hills, Lenard Lichtenberger na mwenzao waliandika habari hiyo mwaka 1983. Aina iliyo muhimu zaidi ni fosfatidilikolini.

Sasa diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hunata kwenye fosfatidilikolini hiyohiyo, na utando unaanza kulowa. Halafu zikishaingia kwenye damu zinazuia prostaglandini, ambazo ndizo zinazochochea ute utengenezwe. Kwa hiyo wale wanaoniambia "nichome sindano, vidonge vinaniumiza tumbo" hawajaikwepa hatari, wameipitisha mlango wa nyuma. Na kama una H. pylori, bakteria wa tumboni anayeleta vidonda, naye ana vimeng'enya vya kukatakata fosfolipidi, basi unashambuliwa pande mbili.

Kuna waliokushauri ndizi mbichi. Siwacheki: mwaka 1989 Hills na Kirwood walionyesha kuwa ndizi ililinda matumbo ya panya, wakaihusisha na fosfolipidi zilizomo. Ila hao ni panya, usizile badala ya omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali, kwa sababu yao. Maziwa nayo yanatuliza kwa muda mfupi, kisha yanachochea tindikali zaidi. Marekani wamefika hadi kuuza aspirini iliyochanganywa na fosfatidilikolini, Vazalore, lakini dirishani kwangu haijawahi kufika.

Wewe mkuu, kapime H. pylori, kipimo cha kinyesi kinatosha. Mwambie daktari unameza diklofenaki kila siku, aangalie kama akubadilishie au akuongezee omeprazoli. Usichanganye diklofenaki na ibuprofeni eti maumivu yamezidi. Na ukiona choo cheusi kinachonata, au ukatapika damu, usirudi hapa kuuliza, nenda hospitali saa hiyohiyo.