Kabla ya kujisajili kozi ya bure mtandaoni

Vijana wengi huniuliza wasome kozi gani ya bure. Kozi zimejaa. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Stanford kilifungua somo lake la akili mnemba kwa dunia nzima, wakajiandikisha watu wapatao 160,000. Mwaka uliofuata yakazaliwa majukwaa ya kozi za mtandaoni, Coursera na edX. Kwa hiyo mimi huwarudishia swali: utaimalizaje?

Maana hapo ndipo wengi wanapoishia njiani. Kozi ya kwanza ya edX, ya saketi za umeme kutoka MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, ilisajili watu karibu 155,000. Waliofaulu hawakufika 7,200. Utafiti wa MIT uliochapishwa 2019 ulionyesha kuwa kwenye kozi za MIT na Harvard za 2017 hadi 2018, waliomaliza ni kama 3 katika kila 100, lakini kwa waliolipia cheti walikaribia nusu. Sisemi ni pesa tu. Anayelipa mara nyingi alishadhamiria. Ila asiyelipa hana budi kutafuta kitu kingine cha kumbana.

Kilichonibana mimi ni mazoezi. Nilisoma CS50, kozi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard inayofundishwa na David Malan, na kila wiki nilisoma zoezi kwanza, mhadhara baadaye. Kuna zoezi la mwanzoni la kuchora piramidi ya alama za reli (#) kwa C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Ukitaka ngazi 4, mstari wa kwanza una nafasi tupu 3 na alama 1, wa pili nafasi 2 na alama 2, hivyo hivyo hadi chini. Niliichora kwa kalamu kwenye daftari, nikahesabu nafasi moja moja, ndipo nikaelewa jinsi ya kuiamuru kompyuta irudie kazi. Video peke yake isingenifikisha hapo, hata ningeirudia usiku kucha.

Bando nalo ni mtihani. Mihadhara mingine inafikia urefu wa saa mbili, kwa hiyo pakua video ya ubora wa chini ukiwa kwenye WiFi, au soma maandishi ya mhadhara, ambayo hula bando kidogo tu. Kiingereza kikikwenda kasi, washa manukuu na usione haya kusimamisha kila baada ya sentensi.

Kuhusu cheti, uliza mapema. Majukwaa mengi siku hizi yanakuachia usome bure lakini cheti unalipia, na mengine hufunga masomo baada ya muda fulani. Coursera imekuwa na fomu ya kuomba msaada wa kifedha; ijaze kwa maelezo ya kweli na yaliyoshiba. CS50 yenyewe hutoa cheti chake cha bure ukifikisha alama zinazotakiwa.

Na mtafute mwenzako mmoja wa kusoma naye, mtumiane mazoezi WhatsApp kila Jumapili jioni. Akikaa kimya wiki nzima, mpigie simu.