Prodyuza anataka komiki yetu: nidai nini nisije nikawekwa kando?

Swali: Habari wakili. Mimi ni mwandishi wa komiki, naishi Umoja, na mwenzangu ndiye mchoraji. Shujaa wetu amepata wasomaji wengi mtandaoni, na sasa prodyuza mmoja anataka kumtengenezea filamu. Ameniahidi kwa mdomo kwamba nitahusishwa. Nidai nini kwenye mkataba?

Jibu: Habari njema, ndugu yangu, na hongereni. Ila ahadi ya mdomo haitakufikisha popote siku ya kupiga picha. Madai yako yote yaandikwe kabla hujatia saini, maana ukishatia huna tena cha kubania.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kuhamisha hakimiliki au kutoa leseni ya kipekee hakuna nguvu bila maandishi yaliyosainiwa na mwenye haki. Kwa hiyo prodyuza anaihitaji saini yenu. Kifungu cha 32 nacho kinakuachia haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi, na ya kupinga kazi yako ikipotoshwa kiasi cha kukuvunjia heshima, hata baada ya kuuza haki nyingine. Lakini kifungu hicho hakikupi kiti mezani mwa waandishi wa filamu. Kiti hicho unakipata kwa mkataba tu.

Hapo ndipo wengi walipoumia. Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki za Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Ilibidi wangoje hadi 1975, filamu kubwa ikiwa jikoni na umma ukipiga kelele, ndipo kampuni yenye haki hizo ikakubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kurudisha majina yao. Bill Finger, aliyemuumba Batman pamoja na Bob Kane, alifariki mwaka 1974. Jina lake lilikubaliwa rasmi 2015.

Usidai kura ya turufu juu ya filamu nzima. Anayeweka mtaji hatakubali, na utapoteza nguvu zako bure. Dai kazi maalumu: uwe mshauri wa kulipwa, usome kila rasimu ya mswada na utoe maoni ndani ya siku zilizotajwa, na uwepo waandishi wanapopanga hadithi. Ukijua kuandika mswada wa filamu, omba rasimu ya kwanza iwe yako. Kama hujui, mpe anayejua, kwa sababu ukurasa wa komiki unasimamisha tukio kwenye fremu moja na filamu inataka litembee. Ushirikiano wa karibu unawezekana kabisa: Frank Miller, mtunzi wa komiki ya Sin City, aliongoza filamu yake ya 2005 bega kwa bega na Robert Rodriguez. Karibu na kwetu, Roye Okupe wa Nigeria aliiona komiki yake Iyanu ikigeuzwa mfululizo wa katuni za televisheni mwaka 2025, naye akiwa miongoni mwa watayarishaji wakuu.

Taja pia jina lako litakapoonekana na kwa maneno gani. Usiuze kila kitu kwa mkupuo: filamu hii ni moja, na sehemu ya pili, katuni, michezo ya simu na wanasesere vijadiliwe kivyake. Weka muda, filamu isipoanza kupigwa ndani yake, haki zirudi kwenu.

Prodyuza akikuagiza uandike jambo jipya juu ya shujaa huyo, kuwa macho. Kwa kifungu cha 31, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Andikeni kinyume chake.

Na kabla ya mkutano wowote, keti na mchoraji wako. Andikeni mgao wenu na nani anasaini, kisha sajilini komiki KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kwa majina yenu wote wawili. Usajili si lazima ili mlindwe, lakini ni ushahidi mzuri, na prodyuza makini atauulizia.