Tanbihi Kwanza: Kwa Wanaoanza Kusoma Kumbukumbu za Maji ya Bomba

Ukishika ripoti ya ubora wa maji kwa mara ya kwanza, jicho litakimbilia safu ya mwisho, pale palipoandikwa kwamba maji yamekidhi kiwango au hayakukidhi. Lizuie. Anza na kizio cha kipimo na maandishi madogo yaliyo chini ya jedwali.

Hilo nililijua kwa uchungu. Katika miezi yangu ya mwanzo nilisoma jedwali lenye naitreti 14, nikailinganisha na kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 50 kwa lita, nikawajibu waliouliza kwamba maji ni salama. Tanbihi ilisema kilichopimwa ni naitrojeni iliyomo ndani ya naitreti, si naitreti yenyewe. Kwa hesabu hiyo kikomo ni 11. Ukitaka naitreti nzima unazidisha kwa 4.43, kwa hiyo ile 14 ilikuwa 62. Naitreti ikizidi, damu ya mtoto mchanga hushindwa kubeba oksijeni vizuri, na mmoja wa walioniuliza alikuwa mama aliyekoroga maziwa ya unga ya mwanawe kwa maji hayo. Nilimrudia siku ileile.

Risasi na arseniki, madini yenye sumu, nazo zina mtego wake. Maabara moja huandika miligramu 0.01, nyingine mikrogramu 10, na ni kiasi kilekile. Ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa zote mbili.

Ukikuta "haikuonekana", usiisome kama sifuri. Maana yake ni kwamba kipimo hakikuweza kuona chini ya kiasi fulani. Tafuta kiasi hicho. Kama kifaa huanza kuona risasi kwenye mikrogramu 20 na kikomo ni 10, safu hiyo haijakwambia lolote.

Sasa njoo kwenye swali ninaloliona zito kuliko yote: sampuli ilichotwa wapi, na lini? Risasi kwa kawaida haitoki mtoni wala kisimani. Hutoka kwenye mabomba, viungo na koki, hasa maji yakilala humo usiku kucha. Sampuli ya mtambo wa kusafishia maji haiwezi kukuonyesha risasi ya jikoni kwako. Mji wa Flint, jimbo la Michigan nchini Marekani, ulibadili chanzo cha maji mwaka 2014, na dawa ya kuzuia mabomba yasilike haikuwekwa. Kwa sheria ya huko, sampuli za majumbani hupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha hutazamwa ile iliyo kwenye asilimia 90, yaani ile ambayo sampuli tisa katika kila kumi haziizidi. Wakati huo, ikivuka mikrogramu 15 kwa lita, hatua zilipaswa kuchukuliwa. Mwaka 2015 sampuli mbili zenye risasi nyingi ziliondolewa kwenye hesabu, na tarakimu ikashuka chini ya 15. Familia ziliendelea kunywa. Ndiyo maana nakusihi uulize kila mara: sampuli zilikuwa ngapi, na kuna zilizoachwa?

Wastani wa mwaka unafaa kwa kemikali zinazodhuru polepole. Kwa bakteria haufai kabisa. E. koli, bakteria anayeonyesha kwamba kinyesi kimeingia majini, haitakiwi kuonekana hata moja katika mililita 100, na siku moja mbaya inatosha kulaza watoto. Omba matokeo ya kila siku ya upimaji, kisha yaweke kando ya vipimo vya klorini, dawa ya kuua vijidudu, iliyobaki kwenye maji. Bombani isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Mimi hutazama kwanza vituo vya mwisho wa njia ya bomba, kwani klorini hupungua kadiri maji yanavyosafiri. Kituo ambacho klorini yake hushuka tena na tena hukitia alama hata kama bakteria hawajaonekana, na barua yangu ya kwanza kwa mamlaka huwa inahusu kituo hicho.