Siku tatu bila kwenda popote

Wikendi ndefu ya kwanza niliyoamua kubaki nyumbani niliiharibu mwenyewe, tena asubuhi na mapema. Nilifungua kabati nitafute shati, nikakuta nguo zimejaa hovyo, nikasema ngoja nizipange dakika tano tu. Giza liliingia nimekaa sakafuni katikati ya marundo ya nguo, chaja za simu nilizokwisha kuzigawa zamani, na soksi 11 ambazo hakuna hata mbili zinazofanana. Siku ya pili nikamalizia kabati. Ya tatu nikalala kwa uchovu. Niliporudi kazini wakaniuliza wikendi ilikuwaje, nikajibu "nilipumzika" bila hata kupepesa macho.

Ukisafiri, bomba linalovuja unaliacha nyuma. Ukibaki, linakudondokea masikioni siku zote tatu. Kwa hiyo jioni ya kuamkia mapumziko natenga saa mbili: nafua, nanunua vya kutosha jikoni, nalipa bili zinazonikodolea macho. Kazi zinazobaki naziandika kwenye karatasi, naitia kwenye droo, nafunga. Kuandika kunasaidia kweli, maana jambo likishakaa kwenye karatasi kichwa kinaacha kulirudiarudia.

Kuna kazi nyingine ngumu zaidi, nayo ni kuwaambia watu. Wakisikia huendi popote wanaelewa kwamba huna shughuli, na mara unaombwa usaidie kuhamisha makochi. Siku hizi nikiulizwa nasema nina mipango. Sijadanganya, mpango ni kukaa.

Usidhani pia unakosa kitu kwa kutosafiri. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 1,500. Wengi wa waliokwenda likizo, wakisharudi, hawakuwa na furaha kuwazidi waliobaki. Waliozidi ni wale waliosema likizo yao ilikuwa ya utulivu sana, na utulivu hauhitaji tiketi.

Usingizi nao una ujanja wake. Nilikuwa nalala hadi mchana siku zote tatu, halafu usiku wa mwisho nahesabu mbao za dari. Saa ya mwili hujirekebisha kwa mwanga, hasa ule wa asubuhi, hivyo ukijifungia gizani hadi adhuhuri unaisogeza mbele, na kuirudisha kwa usiku mmoja haiwezekani. Sasa kuamka kwangu hakuchelewi zaidi ya saa moja kuliko kawaida. Nikichoka mchana najilaza dakika 20, na alamu naiweka. Nikiongeza nusu saa nyingine nazama usingizi mzito, naamka kama niliyepigwa.

Lakini ninachokingoja hasa ni kutembea. Natoka mapema, simu nimeiacha ndani, nafuata barabara ileile ninayoipita kila siku ndani ya gari. Kilomita 4 hivi, polepole. Safari moja nilisimama kwenye mti ambao nimeupita miaka mingi bila kuuona. Uzio wa zamani uliwahi kufungwa kwenye shina lake, na mti umeumeza waya: unaingia upande huu, unatokea upande wa pili, gome limeufunika na kuacha midomo miwili minene. Waya ulikuwa bado usawa wa kiuno changu, kwa sababu mti hurefuka kwenye ncha, shina huongezeka unene tu. Nikauzunguka mara mbili, nikapapasa lile gome. Mpita njia mmoja akasimama kuangalia nimepoteza nini.

Jambo moja la namna hiyo linatosha kwa siku. Nikipanga mawili naanza kuangalia saa. Wenye watoto, mwachieni kila mmoja achague siku yake tufanye nini, hata kama atachagua kujenga nyumba ya mashuka sebuleni. Ilale hapo hapo mpaka kesho, msiifumue.

Jioni ya siku ya mwisho ndipo nafungua droo. Safari iliyopita karatasi ilikuwa na mambo 9. Matatu niliyafuta papo hapo, maana sikukumbuka hata kwa nini niliyaandika. Bomba lilikuwa bado linadondoka.